Inua wa Kushoto

"Inua wa kushoto, fundi. Wa kulia endelea nao na kazi."

Fundi cherehani hakusimamisha hata mashine. Mguu unakanyaga, mkono wa kulia unasukuma kitambaa chini ya sindano, na wa kushoto uko juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Dada Kwapa akamchomekea kipimajoto, akarudi nyuma kidogo, akasubiri kilie.

"Leo nimeoga," fundi akasema. "Usije ukanitangaza mtaani."

"Na jana?"

"Jana maji yalikatika."

"Ndiyo maana hiki kifaa jana kilikuwa kinapumua kwa shida."

Mke wa fundi alicheka huko ndani mpaka akapaliwa. Kipimajoto kikalia, pi, pi, pi. Hakuna homa. Kwapa akakichomoa, akakitumbukiza kwenye chupa ya dawa ya klorini iliyokuwa inaning'inia nje ya begi lake, akakitikisa, akakifuta kwa pamba. Akavua glavu, akazitupa kwenye mfuko wa taka, akavaa nyingine. Akaaga. Nyumba inayofuata.

Jina lake halisi watu walishalisahau. Alikuwa Dada Kwapa, na kwa watoto Anti Kwapa, na hata bosi wake siku moja alimuita Kwapa mbele ya wageni kutoka makao makuu, akajikohoza kuficha aibu. Kazi yake ilikuwa ufuatiliaji. Mtu akishikwa na Lengelenge, anapelekwa kwenye mahema ya matibabu, halafu wanaandikwa wote aliogusana nao: aliyelala naye, aliyemfulia nguo, aliyembeba. Hao kila asubuhi lazima wapimwe joto mpaka siku zao za hatari ziishe. Homa ikionekana tu, mbio mahemani kabla hujamwambukiza mwingine. Ndiyo kazi yenyewe, kuukimbiza ugonjwa usifike nyumba ya pili.

Na huo ugonjwa, jamani, haukuwa wa kuchezea. Unaanza na homa na baridi, halafu ngozi inaota malengelenge yaliyojaa maji, mdomoni, viganjani, mpaka kwenye kope. Wengi walipona wakabaki na makovu. Wengine hawakupona. Na kwa wajawazito, mwalimu wa mafunzo alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwamba mara nyingi mtoto aliye tumboni haponi. Siku hiyo Kwapa alitoka nje ya darasa akajifanya ana kiu.

Maana nyumbani kwake alikuwa anaishi na mdogo wake, Kitinda, ambaye tumbo lilikuwa limefika mahali ambapo hata kufunga kiatu ni mradi. Mume wa Kitinda alikuwa dereva wa malori, leo yuko huku, kesho yuko mpakani. Wazazi wao walishatangulia. Walikuwa wao wawili, na huyo wa tatu anayepiga mateke.

Sasa kwa nini kwapa? Wafuatiliaji wenzake wote walitumia kile kipimajoto cha kulenga kwenye paji la uso, kile kama bastola. Watu hawakukitaka hata kukiona. Kuna sauti ilikuwa inazunguka kwenye simu, ya mwanamume mmoja mwenye kikohozi, anasema hiyo bastola inafuta kumbukumbu. Basi ikawa mfuatiliaji akionekana kwa mbali, milango inafungwa, mapazia yanashuka. Mzee mmoja alimwambia Kwapa uso kwa uso, "Mimi hata polisi hajawahi kuninyooshea bunduki, sembuse wewe mtoto wa juzi?"

Kwapa akaenda stoo ya ofisi, akachimbua kipimajoto cha zamani cha kuweka kwapani, akarudi nacho mtaani. Weee! Milango ikafunguka. Watu wakampa viti. Majirani ambao hawakugusana na mgonjwa yeyote wakawa wanamuita kutoka ng'ambo ya barabara, "Na mimi nipime, roho itulie!" Naye anapima, kwani kuna ubaya gani? Alisema "inua wa kushoto" kwa sababu mtaa wake ulikuwa mtaa wa mafundi, na mkono wa kulia ulikuwa na kazi.

Nyumbani pia, kila asubuhi kabla ya chai, alimpima mdogo wake.

"Dada, mimi sijatoka nje tangu juzi," Kitinda angelalamika, shuka kichwani.

"Inua."

"Hata mama hakuwa mnoko hivi."

"Mama hakuwa na kipimajoto. Inua."

*

Mambo yalianza kuharibika asubuhi moja kwenye kikao cha ofisini. Bosi wao, mama mmoja mnene ambaye kila mtu alimuita Mama Ramani, alikuwa amesimama mbele ya ramani yake ya mji iliyojaa pini. Siku nyingine alikuwa anafoka. Siku hiyo hakufoka, na hapo ndipo walipoogopa.

"Fundi wa kuchomelea vyuma, mtaa wa Kwapa," akasema, akachoma pini nyekundu. "Hajagusana na mgonjwa yeyote. Hatukuwa tunamfuatilia. Ameota malengelenge." Akachukua pini nyingine. "Fundi cherehani na mkewe. Siku zao za hatari zilikwisha, tukawaambia mko salama, tukawapigia makofi. Wameugua baada ya makofi. Mjukuu wa yule bibi wa kona, vivyo hivyo."

Spika, kijana anayeendesha gari la matangazo, mtu ambaye hata akinong'ona anasikika mtaa wa pili, ndiye aliyeuliza. "Sasa hiyo maana yake nini, Bi Mkubwa?"

"Maana yake kuna mtu." Mama Ramani akawatazama mmoja mmoja. "Kuna mtu anatembea huko, anaingia nyumba hii anatokea nyumba ile, watu wanampokea vizuri, na anawaachia ugonjwa. Sisi hatumjui. Mtafuteni kabla hajamaliza mtaa."

Kwapa akafungua daftari. Mtaa wake! Watu wake! Akaanza kuwapitia kichwani: muuza maziwa, yule kinyozi wa kupita nyumba kwa nyumba, mhubiri wa mlango kwa mlango mwenye tabia ya kushika watu vichwa. Alipofika nyumbani mchana kuchukua chakula alimkuta Kitinda amekaa kwenye ngazi za mbele, akipunga upepo kwa kifuniko cha ndoo, akamkurupusha kama kuku.

"Ingia ndani! Funga na komeo. Kuna mtu anazunguka anaambukiza watu."

"Mtu gani?"

"Hatumjui. Asiingie mtu yeyote humu, umenielewa? Hata awe ndugu. Ila mimi tu."

Kitinda alitaka kufanya mzaha, akauona uso wa dada yake, akaufyata. Akafunga komeo.

*

Akaanza na bibi wa kona. Bibi alikuwa kizingitini peke yake, miguu ameinyoosha, kanga imemlegea begani. Mjukuu wake alikuwa ameshachukuliwa kwenda mahemani.

"Bibi, nani ameingia humu wiki hizi mbili tatu?"

"Aingie nani? Tangu mlete lile gari lenu la kupiga kelele, hata kuku wa jirani anapita mbali na kwangu."

"Fikiri vizuri, bibi yangu. Muuza maziwa? Kinyozi? Ndugu kutoka nje?"

"Wewe mjukuu una masikio au una mapambo? Hakuna. Anayeingia humu ni wewe tu, na nakushukuru, maana nyumba ilikuwa imepooza."

"Haya, bibi." Akaandika: hakuna.

Nyumba ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna, ila wewe. Ya nne, tumejifungia kama ulivyotuagiza, Dada Kwapa, hatujapokea mtu. Kila jibu alilipokea, akaandika hakuna, akaondoka na hofu kubwa zaidi, akitazama nyuma yake kwenye vichochoro. Ni mtu gani huyu anayeingia bila kuonekana? Alimuona muuza maziwa kwa mbali akiegesha baiskeli. Akataka kumkimbilia amkamate hapo hapo.

Halafu akafika kwa fundi wa kuchomelea.

Fundi alikuwa nyuma ya nyumba amekalia ndoo iliyopinduliwa, kifua wazi, akisubiri gari la mahema. Alikuwa bonge la mtu, mikono kama magogo, lakini siku hiyo alikaa kama mtoto aliyenyimwa kitu. Malengelenge yalikuwa yamemtapakaa kifuani na begani, mapya, yanang'aa.

"Usisogee, dada," akasema. "Mimi sasa ni sumu."

"Nakaa hapa hapa. Niambie tu, ulikutana na nani?"

"Nikutane na nani? Wateja wamenikimbia. Nimekaa na vyuma vyangu."

"Na yalianzia wapi haya?"

Fundi akainua mkono wa kushoto. Huko kwapani kulikuwa na kidonda kimoja kikubwa, kikavu pembeni, cha zamani kuliko vingine vyote. "Hapa. Nikadhani jipu. Unajua majipu ya kwapa yalivyo na adabu mbaya. Mara likapata wenzake." Akajaribu kucheka. "Si ungeniambia wewe, mtaalamu wa makwapa?"

Kwapa hakucheka. Kwenye mafunzo walifundishwa kwamba lengelenge la kwanza huota pale pale ugonjwa ulipoingilia. Aliyembusu mgonjwa, mdomoni. Aliyembeba mtoto mgonjwa, begani.

Nani anaingiza ugonjwa kwapani?

Alitoka hapo bila kuaga. Akasimama kwenye ukuta wa duka lililofungwa, akatoa simu, akamtumia ujumbe muuguzi wa mahemani, mwenzake wa tangu shule: wagonjwa wapya wa mtaa wangu, lengelenge la kwanza lilianzia wapi? Akasubiri. Alama ya kurekodi sauti ikatokea, ikapotea, ikatokea tena. Alikuwa anaikodolea simu kama inataka kumuuma.

Sauti ikaingia. Kwa nyuma kulisikika mtu akilia.

"Kwapa, mambo? Fundi cherehani, kwapani. Mke wake, kwapani. Yule mtoto wa kwa bibi, kwapani. Tena wote la kushoto, ujue, mimi nikadhani ni bahati tu. Mbona unauliza?"

Akaisikiliza tena. Na tena. Mara ya mwisho akaizima katikati.

Chupa ya klorini ilikuwa inaning'inia ubavuni mwake. Chupa ya maji ya kunywa, nyeupe, ya kuona ndani, ya moto kwa jua. Akaifungua, akaiweka puani.

Hakuna kitu. Ilinukia plastiki.

Dawa ile ilitakiwa kuchanganywa upya kila asubuhi. Walifundishwa kwamba klorini huchoka, joto na jua huimaliza nguvu, na usiiweke kwenye chupa inayopitisha mwanga. Lakini pipa la kuchanganyia lilikuwa moja, foleni yake inakula asubuhi nzima, na yeye alitaka awahi kwa watu kabla hawajatawanyika makazini. Kwa hiyo alikuwa anachanganya mwanzo wa wiki, ya wiki nzima, anajisifu kwa kuwahi. Anachovya, anatikisa, anafuta. Glavu alibadilisha kila nyumba. Barakoa alivaa. Kila kitu cha kumlinda yeye alikifanya barabara. Na kifaa kikatoka kwapa hadi kwapa, mtaa mzima, kimeoshwa kwa maji ya moto ya jua.

Mtu aliyekuwa anatafutwa ni yeye. Watu walimwambia usoni, wewe tu, ila wewe, na yeye akaandika hakuna.

Ndipo akamkumbuka Kitinda. Kila asubuhi kabla ya chai. Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, begi mapajani.

*

Gari la matangazo lilipita, likasimama, likarudi nyuma. Spika akashuka.

"Wewe, unaumwa? Mbona umekaa kama mzigo?"

Akamwambia. Maneno yalitoka vipande vipande, lakini Spika alielewa haraka, akatazama kulia na kushoto, akazima injini.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi nisikilize." Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Spika alinong'ona kweli. "Mwaga hayo maji. Tupa hicho kifaa. Kesho beba bastola kama wenzako. Ugonjwa utakwisha huku kwako, bosi atasema yule mtu kahama, yamekwisha."

"Na watu?"

"Watu gani? Ukisema, hakuna mlango utakaofunguliwa tena. Si wako tu, wetu sote. Watatupiga mawe, Kwapa. Mimi ndiye ninayepita na lile gari lenye maandishi ubavuni! Hujui wanadamu wewe?"

Aliwajua. Na kilichomtisha ni kwamba maneno ya Spika yalimwingia vizuri, kama maji kwenye koo kavu. Kumwaga tu. Kunyamaza tu. Akasimama, akajipangusa vumbi. "Nipeleke nyumbani kwanza."

Alibisha. Kitinda akauliza kwa sauti ya mbwembwe, "Nani huyo? Nimeambiwa nisimfungulie mtu!"

"Ni mimi. Usinisogelee. Fungua, halafu rudi mpaka dirishani."

"Khe! Leo nawe umeanza kuogopa watu?"

Komeo likafunguka. Kitinda akarudi dirishani, tumbo mbele, mkono kiunoni. Alikuwa amejifunga shuka na joto lote lile.

"Mbona umejifunika?"

"Baridi kidogo tu. Hali ya hewa."

Nje jua lilikuwa linapasua mabati.

"Inua mkono, mdogo wangu. Wa kushoto. Vuta hiyo nguo nione."

"Dada, unanitisha."

"Inua."

Akainua. Mwanga wa dirisha ulimmulika vizuri. Kalikuwa kamoja tu, kadogo, kama punje ya mtama, kameiva kwa maji.

Kwapa hakupiga kelele. Alishika fremu ya mlango akabana meno mpaka taya likalia. Kitinda alijitazama mwenyewe, akakaona, akamtazama dada yake. Taratibu, mikono yote miwili ikashuka ikalikumbatia tumbo.

"Lakini sijatoka," akasema. "Dada, sijatoka! Hakuna aliyeingia!"

"Najua. Vaa viatu. Twende."

*

Mahema yalikuwa kwenye uwanja wa shule. Getini kulikuwa na watu kibao, na utaratibu mmoja mgumu. Aliyegusana na mgonjwa anayejulikana anaingia moja kwa moja, anapewa kitanda na dawa siku hiyo hiyo. Asiyejulikana alikougulia anakaa nje kwenye mabenchi, akisubiri kipimo, na kipimo kilikuwa kinachukua siku kadhaa kurudi. Dawa ilikuwa chache. Na dawa yenyewe, kila mfuatiliaji alijua, ilifaa mwanzoni tu, kabla malengelenge hayajasambaa.

Kwenye mabenchi, watu wake. Bibi wa kona, amekuja kuulizia mjukuu. Kinyozi. Mama muuza mkaa na mtoto mgongoni. Wale wa nyumba ya nne. Walimuona Kwapa akimkokota mdogo wake, wakaanza kusogea kumpa nafasi.

"Pole, Dada Kwapa! Jamani, mpisheni, ana mjamzito!"

"Huyu ndiye anayetuhangaikia sisi, leo yamemfika!"

Kila pole ilimchoma. Spika alikuwa amesimama kando ya gari lake, mikono mfukoni, anamtazama, anatikisa kichwa polepole: usithubutu.

Nyuma ya uzio wa getini alikuwepo muuguzi wa zamu, si yule mwenzake wa shule, amevaa lile vazi zima la plastiki, kofia, kioo cha uso, barakoa mbili. Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Ana nini?"

"Homa. Lengelenge moja. Ana mimba, dada yangu, kubwa, mwangalie."

"Namuona. Amegusana na nani?"

Kwapa akafungua mdomo. Kitinda alikuwa amemlalia begani, anatetemeka, na kupitia shuka Kwapa alisikia joto lake, joto ambalo halikuhitaji kifaa.

"Nauliza amegusana na nani? Kama hajulikani, mabenchi yale kule."

Mabenchi yale. Siku ngapi kule? Kalengelenge kangekuwa na wenzake. Angeweza kudanganya, angemtaja fundi cherehani, lakini muuguzi angeuliza alikutana naye wapi, lini, na Kitinda mwenyewe angejibu kwa ukweli wake wote: sijatoka, hakuna aliyeingia.

"Mimi," Kwapa akasema.

"Sikusikii!"

"Amegusana na mimi."

"Wewe unaumwa? Paza sauti, mama, hivi vitu vimeziba masikio!"

Akapaza sauti. Ilibidi aipaze kweli, kama anayeita mtu ng'ambo ya mto, na akajisikia mwenyewe akisema mbele ya uwanja mzima:

"Siumwi! Nilimwambukiza kwa kipimajoto kilichowapima wagonjwa mlionao humo ndani! Nilikuwa nakiosha kwa dawa iliyokufa! Nimempima kila siku, na nimewapima hawa wote!"

Muuguzi akaganda, kalamu hewani. Halafu akavuta komeo la geti kwa nguvu. "Alete huku. Haraka. Wewe baki hapo hapo."

Watu wawili wenye mavazi kama lake wakampokea Kitinda kila upande. Akapelekwa akipepesuka kwenye njia ya changarawe, na kabla ya kuingia hemani akageuka. Uso wake haukuwa na hasira wala msamaha, ulikuwa na woga tu, ule ule wa utotoni taa zikizimika. Turubai likashuka.

Kwapa alijua jiwe la kwanza lingetoka nyuma yake, upande wa kinyozi, maana alikuwa na hasira za karibu. Akageuka awatazame, maana hakutaka apigwe kisogoni.

Hakuna aliyeokota jiwe. Walikuwa wanatazamana. Halafu mama muuza mkaa akaingiza mkono wa kulia ndani ya blauzi yake, chini ya mkono wa kushoto, akapapasa. Kinyozi akavuta kola ya shati akachungulia. Mmoja baada ya mwingine, benchi zima, mikono ya kushoto ikapanda juu, wazee kwa vijana, kila mtu akijikagua, akimkagua jirani yake. Mingine ilishuka haraka, na wenyewe wakashusha pumzi. Mingine haikushuka.

Spika alikuwa kwenye gari lake, mkono wa kushoto juu, uso umempauka. Naye alikuwa anaomba apimwe kila akipita, kwa mzaha.

"Dada Kwapa." Ilikuwa sauti ya mama muuza mkaa, nyembamba kama uzi. "Mimi ninalo. Sasa huyu mtoto mgongoni nimfanyeje? Nimshushe au nisimshushe?"

Kwapa alitaka kulia, alitaka kukimbilia kwenye turubai lile, alitaka ardhi imfunike. Akasogea karibu mpaka pale aliporuhusiwa kusogea.

"Usimshushe bado, mama," akasema, na sauti ikamkatika, akaianza upya. "Geuka taratibu, nione kama lengelenge limemgusa. Mkono ule ule, uache juu."